Ukurasa Mwekundu na Mashahidi Wawili

Tarehe 3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Mizigo yote miwili imefika, na ile chupa ya asali uliyoifunga kwa kamba imefika bila kumwaga hata tone. Nilihitaji kisu na dakika ishirini kuifungua. Wenzangu ofisini wakauliza kama baba yangu alikuwa mfungwa au mlinzi wa gereza. Nikawaambia ni mwalimu wa dini aliyestaafu, asiyeuamini mfuniko wowote mpaka uthibitike.

Najua hutaki barua ya mtoto kwa mzazi ipite kwenye kompyuta, na simu masikio yako yameikataa tangu mwaka juzi. Kwa hiyo naandika kwa mkono kama ulivyoniusia, na ukiona mistari inapanda mlima usinikosoe kwa wino mwekundu.

Baba, lile jambo nililokufanyia kabla sijaondoka, naomba nilieleze tena kwa utulivu, maana siku ile rafiki yako Mshona Vitabu alikuwa anatuchekesha na sina hakika kama ulinisikiliza, yaani kama uliusoma mdomo wangu. Kwenye kivinjari chako, pale unapofungulia kurasa, nimeweka mlinzi. Ni kazi ya kampuni yetu. Ukitaka kufungua ukurasa ambao sisi tumeutilia shaka, skrini yote itakuwa nyekundu na utaona maneno haya: "Tahadhari. Ukurasa huu huenda ni wa udanganyifu." Chini yake kuna vitufe viwili. Kikubwa kimeandikwa "Rudi mahali salama". Kidogo, cha kijivu, kimeandikwa "Endelea kwa hiari yako". Bonyeza kikubwa. Kile kidogo kisahau kabisa.

Umeniuliza mara nyingi ninafanya nini huku. Nakaa kwenye meza ya malalamiko. Mtu akidai ukurasa wake umewekewa nyekundu kwa makosa, faili linakuja kwangu. Na ukurasa wa siku nyingi wenye heshima zake hauwekewi nyekundu mpaka nao nimeupitia na kutia alama. Kwa hiyo ukiona nyekundu, jua kuna mtu amekaa akaangalia. Huenda ni mimi.

Jana nilifungua ukurasa wako wa darasa nikasikiliza somo la saba. Lile ambalo katikati yake mama, Mungu amrehemu, anakukatiza: "Ngoja kwanza, maji yanachemka." Nikacheka peke yangu. Masomo mia tatu na kumi na mawili, Baba, na sauti yake imo katika hilo moja tu.

Mtoto wako mtiifu,
Kalamu


Tarehe 13 Machi

Kwako binti yangu Kalamu,

Namtanguliza Mola katika waraka huu kama nilivyomtanguliza katika kila nilichoandika, na namwomba akuhifadhi ugenini. Barua yako nimeipokea siku ya tisa. Mistari haikupanda mlima. Imeinama kidogo upande wa kulia, kama mtu aliyechoka, nami nikaingiwa na wasiwasi kuhusu usingizi wako.

Mlinzi wako nimekwisha kumwona mara mbili. Mara ya kwanza alinizuia kufungua ukurasa wa wauza dawa za masikio, nami nikatii, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwashuku mwenyewe: waliahidi kunirudishia usikivu kwa siku tatu. Mara ya pili nilimtazama kwa makini zaidi, kama nilivyokuwa nikiwatazama watu waliokuja kushuhudia mbele yangu. Nikasoma maneno yake yote. Nikatafuta mashahidi wake, sikuwaona. Nikatafuta jina la mtuhumiwa na maelezo ya kosa lake, siku ya kosa na mahali pake, sikuyaona. Niliona "huenda" tu.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki habari za yule mwashi. Watu walimzushia kuwa ameiba mabati ya nyumba ya ibada, nami kwa kuwa nilikuwa mwamuzi, na kwa kuwa kila mtu alisema "huenda ni yeye", nilimwondoa katika kazi. Mabati yalipatikana baada ya miezi minne nyuma ya ghala, yamefunikwa na majani. Nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuta watu wamekaa nje ya nyumba yake juu ya mikeka, na maiti imekwisha kutolewa. Tangu siku hiyo sijamfungia mtu mlango kwa neno huenda, na wanafunzi wangu wakanipa lile jina unalolijua, Mzee Ushahidi-Uko-Wapi. Walidhani wananidhihaki. Sikulikataa.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba siidharau kazi yako. Nasema tu kwamba kumdhania mtu ubaya ni jambo zito, na mashine haibebi dhambi yake. Anaibeba anayebonyeza.

Mengine ni mema. Wenye kuuhifadhi ukurasa wa darasa waliniletea taarifa kuwa utafungwa ikiwa sitathibitisha jina langu na neno langu la siri. Nimekwisha kuthibitisha juzi, na jambo hilo limekwisha. Lisikushughulishe.

Kula vizuri. Lala mapema.

Baba yako


Tarehe 21 Machi

Kwako Kalamu,

Sikungoja jibu lako kwa sababu moyo wangu umejaa furaha, na furaha ya mzee isiwekwe akiba.

Jana Ijumaa, baada ya swala, wanafunzi wangu wa zamani walinizunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu nilipoacha kufundisha. Wengine wametoka miji ya mbali. Wamenishika mikono yote miwili, wameniambia maneno mengi. Kama unavyojua, midomo ya watu wengi kwa pamoja siwezi kuisoma, lakini nyuso zao zilikuwa nyuso za dua, nami kwa kila mmoja nilitikisa kichwa na kusema "Amina, inshallah". Unamkumbuka Bi Vifungo? Yule msichana wa mstari wa mbele ambaye koti lake halikuwa na vifungo viwili vinavyofanana, kwa sababu mama yake aliviokota kimoja kimoja. Sasa ni fundi cherehani mwenye chumba chake cha kazi katika mji wa pili. Alinishika mkono kwa muda mrefu akiniuliza jambo, macho yake yakiwa na machozi. Nikamwambia "Amina". Akaubusu mkono wangu akaondoka kama mtu aliyepewa ufunguo.

Nilidhani nimekwisha kusahaulika, binti yangu.

Kuna udhia mdogo tu: tangu juma lililopita ukurasa wa darasa haunikubali kuingia kuongeza kitu, na sanduku langu la barua pepe halifunguki. Naandika neno la siri, linakataa. Vidole vyangu vimezeeka. Utakapopata likizo utanitengenezea.

Baba yako


Tarehe 22 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 13 imefika leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama mlangoni na viatu mkononi.

Nimempigia simu Mshona Vitabu mara hiyohiyo. Amesema atakuja kwako na karatasi kubwa. Nadhani sasa hivi umekwisha kuziona herufi zake, lakini naandika ili upate maelezo yote kwa mkono wangu.

Ile taarifa ya "wenye kuuhifadhi ukurasa" haikutoka kwao, Baba. Ulipoifungua ulitokewa na ule ukurasa mwekundu, sivyo? Ndiyo ile mara ya pili. Ukabonyeza kile kidogo cha kijivu. Hukuniandikia hivyo, lakini nakujua. Waliokuwa nyuma yake wamelichukua jina lako na neno lako la siri, wamelibadilisha, na sasa wao ndio wenye ukurasa wa darasa na wenye sanduku lako la barua. Vidole vyako havina kosa lolote.

Nimewaandikia wahifadhi wa kweli. Wamejibu kwa adabu sana kwamba mwenye ukurasa ajithibitishe kwa kufungua barua watakayoituma kwenye sanduku lake. Sanduku lilelile! Nikawaambia limeibwa. Wakanijibu tena kwa adabu ileile kwamba wamelituma ombi langu kwenye sanduku hilo ili mwenyewe alithibitishe. Bila shaka wezi wamelisoma wakacheka.

Nimekuwekea ndani nakala ya barua iliyonifikia kutoka "kwako" tarehe 19. Wameituma kwa kila mtu uliyewahi kumwandikia:

"Wapendwa wanafunzi wangu, namtanguliza Mola katika waraka huu. Mwalimu wenu ameandaa msafara wa hija kwa waliosoma darasani kwake. Nafasi ni chache. Fungueni ukurasa wa darasa, mjaze fomu, mlipe ada ya kwanza haraka. Mwombeeni mwalimu wenu."

Umeona? Wamesoma barua zako zote, wameiga hata namna unavyofungua waraka. Mimi nimelijua kwa neno moja tu. Katika maisha yangu yote hujawahi kuniambia nifanye jambo haraka. Hata siku nyumba ya jirani ilipoungua ulisema "tuondoke kwa utaratibu".

Tafadhali mwambie Mshona Vitabu awatangazie watu. Mimi huku ninafanya ninachoweza.

Kalamu


Tarehe 2 Aprili

Kwa Mwalimu wangu mheshimiwa,

Shikamoo Mwalimu. Ni mimi fundi, yule wa vifungo. Naandika kwa sababu nikija kusema hutasikia, na mama amesema mambo ya hija yaandikwe yasisemwe barabarani.

Mwalimu, sisi tuko tayari. Nimeshona nguo nyeupe za mama na zangu, pindo nimelipiga mara mbili lisifumuke safarini. Begi la mama liko mlangoni tangu juma lililopita. Kila anayepita analigonga kwa mguu na yeye anasema "Ligongeni tu, likizoea kugongwa halitashangaa njiani." Tunachoomba ni tarehe ya kuondoka, kwa sababu nina gauni za maharusi watatu na sipendi kumwachia mtu kazi nusu.

Mwalimu, nikuambie ukweli, mwanzoni niliogopa. Nilipojaza fomu, ule mwezi uliopita tarehe 24 alasiri, nilipofika mahali pa kulipa skrini yote ikageuka nyekundu ikasema huenda ni udanganyifu. Akiba ile ni ya miaka kumi na tisa ya cherehani, na mama hatapata miaka mingine kumi na tisa. Lakini nikasikia sauti yako kama niko mstari wa mbele: ushahidi uko wapi? Nikakaa chini nikautafuta kama ulivyotufundisha, mashahidi wawili au hakuna neno. Wa kwanza, ukurasa wako wewe mwenyewe. Nilirudi nikaufungua, ulikuwa mweupe safi, hauna nyekundu hata chembe, na somo lako la asubuhi liko palepale. Wa pili ni wewe. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimekuja nikakuuliza uso kwa uso, "Mwalimu, msafara huu ni wako?" Ukasema Amina. Basi nikaendelea, nikalipa ya mama na yangu.

Sasa wameniandikia kuna ada ya pili. Nitajitahidi, nimeongea na mwenye duka la vitambaa aichukue cherehani yangu ya pili.

Mama anakusalimu sana. Anasema Mungu akupe unachotupa.

Mwanafunzi wako,
Fundi


Tarehe 4 Aprili

Kwako Kalamu,

Nimekuwekea ndani barua ya Bi Vifungo. Isome kwanza, kisha rudi kwenye huu waraka wangu.

Sijui nianzie wapi, nami nimewafundisha watu miaka arobaini na moja kwamba anayeijua njia huanza na hatua ya kwanza. Mshona Vitabu amejitahidi. Alisimama baada ya swala mbili akatangaza, na kwa kuwa mimi siwezi kujisikia nikisema, alisema yeye nami nikasimama kando yake kama mtuhumiwa. Watu wa hapa wameelewa. Wanne walikuwa wamekwisha kulipa. Mmoja amenikumbatia, wawili wameacha kunisalimu, na wa nne anasema ninajifanya tu. Lakini wa miji mingine hawakusikia, na majina yao yote yamo ndani ya sanduku nisiloweza kulifungua.

Nimemwandikia Bi Vifungo siku ileile nilipoipata barua yake, asilipe kitu. Hajajibu.

Yako mambo mawili nataka kukuuliza, nami naomba unijibu kama hakimu, si kama mtoto.

La kwanza ni hili: kilichochukuliwa kwake kinaweza kurudi?

La pili naona haya kuliandika. Mshona Vitabu ameniambia ukurasa wa darasa sasa nao umewekewa nyekundu. Nilipofungua nikauona mwenyewe, jina langu juu, na chini yake "huenda ni wa udanganyifu". Nimekaa mbele yake mpaka adhana ya pili. Binti yangu, mimi sina uwezo wa kufundisha tena. Sijisikii, na watu wanachoka kunisubiri nisome midomo yao. Yale masomo ndiyo mdomo niliobaki nao. Nawe umeniambia kuwa unakaa kwenye meza ya malalamiko, na kwamba anayedai kuwekewa nyekundu kwa makosa faili lake huja kwako. Basi pokea lalamiko hili. Au niambie siku ya kuwekwa kwake na ni nani aliyetia alama, nijue.

Baba yako


Tarehe 13 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Umesema nijibu kama hakimu. Hakimu anaanza na makosa yake mwenyewe.

Swali la kwanza. Hakitarudi. Nimefuatilia mpaka nilipofikia ukuta. Fedha ilipita mahali patatu kabla jua halijatua siku ile, na hapo pa tatu hapana mtu. Kila tukiufunga ukurasa wao mmoja wa malipo unazaliwa mwingine kwa jina jipya kabla chai yangu haijapoa.

Swali la pili. Aliyetia alama ni mimi. Lakini si hilo linaloniondolea usingizi.

Faili la ukurasa wako lilifika mezani kwangu tarehe 20 Machi, saa nne asubuhi. Sikuhitaji kulichunguza. Nilikuwa na ile barua ya "haraka" mfukoni tangu jana yake. Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja, kutia alama, na dakika ileile kila mwanafunzi wako mwenye mlinzi wetu angeona nyekundu kabla hata hajafika kwenye fomu. Ni kazi ya kidole kimoja.

Sikutia. Nililiweka chini ya rundo.

Niliogopa kwamba wezi wakiona nyekundu watauacha ukurasa na kufuta kila kitu kilichomo, ndivyo wanavyofanya mara nyingi. Na mimi kwa uvivu wangu sikuwahi kunakili masomo yako. Kwa hiyo nikaanza kunakili, moja baada ya jingine, masomo mia tatu na kumi na mawili. Nilianza na la saba. Nililisikiliza mara nne, Baba. "Ngoja kwanza, maji yanachemka." Nilimaliza tarehe 25 alfajiri, nikatia alama, nikajiona nimeokoa kitu.

Nilikuandikia tarehe 22 kwamba nafanya ninachoweza. Uliniamini.

Bi Vifungo anasema alirudi kuutazama ukurasa wako tarehe 24 alasiri akaukuta mweupe safi. Shahidi wake wa kwanza nilimtengeneza mimi.

Mwenzangu wa meza ya jirani aliniona nikilia akasema, "Si kosa lako, hata ungeiweka siku ile wangeendelea tu, watu hawasomi." Nikamwambia huyu alisoma. Alisoma kila neno.

Masomo yote ninayo. Nakutumia kwenye kidude kidogo ndani ya bahasha hii, nimekifunga kwa kamba. Lalamiko lako siwezi kulipokea. Ukurasa bado umo mikononi mwao, na kila siku wanaandika jipya kwa jina lako. Nisamehe kwa hilo, na kwa lile jingine usinisamehe upesi.

Kalamu


Jumamosi, tarehe 25 Aprili

Kwako binti yangu,

Namtanguliza Mola katika waraka huu, ingawa najua kuwa maneno haya nayo yameibwa. Nayatumia kwa sababu sina mengine.

Barua yako niliipokea Jumatano. Kidude nimekifungua baada ya kuhangaika na kamba zako. Sasa najua nilichokufanyia kwa ile chupa. Mshona Vitabu alikitia kwenye kompyuta, akasikiliza somo la saba, akaniandikia kwenye karatasi: "Mkeo yuko hapa." Nikaweka kiganja juu ya kipaza sauti nikausikia mtetemo. Sijui ulikuwa wake au wangu.

Kuhusu zile siku zako tano, sitakuhukumu. Wewe uliuzuia mkono wako kwa ajili ya mama yako, nami niliusukuma wangu kwa ajili ya mwashi aliyekufa. Wote wawili tulidhani tunawatendea haki marehemu.

Alhamisi nilikwenda kwa Bi Vifungo, kwa kuwa barua zangu mbili hakuzijibu. Mshona Vitabu alinisindikiza awe masikio yangu. Nilibeba hati niliyoiandika kwa mkono na kutia sahihi: kwamba mimi, mwalimu wake, sikuandaa msafara wowote, kwamba nilihadaiwa, kwamba aliponiuliza siku ya Ijumaa sikumsikia, na Amina yangu ilikuwa ya mtu kiziwi. Mshona Vitabu alitia sahihi chini yangu, shahidi wa pili.

Chumba chake cha kazi ni kidogo na kisafi. Vitambaa vimepangwa kwa rangi, sindano zimechomwa kwenye kifuko cha duara, na mahali ilipokuwa cherehani ya pili pana alama nne za miguu yake sakafuni. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya begi. Kompyuta kuukuu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, na skrini yake ilikuwa na ukurasa wa darasa. Nikashangaa, nikamwuliza kwa mdomo wangu mwenyewe, "Mbona umefunguka? Si mwekundu?" Akacheka. Mshona Vitabu akanakili jibu lake: "Anasema nyekundu anaipita kila asubuhi. Anasema ameshaijua, ni kama jirani mgomvi, unampa salamu unaingia zako. Anashona huku anakusikiliza."

Nikampa hati. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, kama nilivyowafundisha. Kisha akazungumza kwa muda mrefu, taratibu, akinitazama mimi na siyo Mshona Vitabu, kwa heshima kubwa. Nilipomgeukia Mshona Vitabu, alikuwa ameshusha penseli.

"Amesemaje?" nikauliza.

Akaandika: "Amesema hapana, Mzee. Amesema na mengine mengi, lakini yote ni hapana."

"Niandikie hayo mengine."

Akaandika, nami nayanakili hapa bila kupunguza. Kwamba hati ni nzuri. Kwamba shahidi wa kwanza ni mtu anayejishuhudia mwenyewe, na katika somo la tisini nilifundisha kuwa shahidi wa namna hiyo hapokelewi. Kwamba shahidi wa pili ni rafiki yake wa miaka thelathini, na katika somo lilelile nilifundisha kuwa naye asipokelewe peke yake. Kwamba ni wazi kuna watu wananitisha ili niuvunje msafara, nami kwa upole wangu nimekubali kubeba aibu. Kwamba hao ninaowaita wezi wamemwandikia kila juma kwa adabu na dua, na hajawaona wakimtukana mtu. Kwamba ada ya pili italipwa Jumatatu.

Nikapiga magoti, Kalamu. Sijui kama sauti yangu ilikuwa kubwa au ndogo, lakini mama yake aliziba mdomo kwa mkono. Nikasema, "Mwanangu, usilipe. Nakuomba. Si kwa dhana, najua. Ni wezi." Mshona Vitabu naye akapaza sauti, mishipa ya shingo ikamtoka: "Dada, huyu mzee hajawahi kumpigia mtu magoti!" Fundi akaniinua kwa mikono yote miwili, akanipangusa vumbi la chaki kwenye kanzu, akanikalisha. Mama yake akaniletea maji. Walinihurumia wote wawili, kama unavyomhurumia mtu mwema aliyechanganyikiwa.

Kisha fundi akachukua kipande cha karatasi ya kukatia ruwaza, akachukua chaki yake ya buluu, akaniandikia mwenyewe maneno matatu ili nisihitaji mtu wa kunisomea. Akanipa akitabasamu, kwa mapenzi, kama mwanafunzi anayemkumbusha mwalimu jambo alilolisahau kwa uzee. Aliandika: "Ushahidi uko wapi?"

Nilitafuta jibu katika masomo mia tatu na kumi na mawili. Nikaondoka.

Jana Mshona Vitabu alikupigia simu, na jibu lako alilinakili kwa herufi kubwa: kwamba hakuna kitufe mlichonacho kinachoweza kukishika kidole cha mtu aliyeamua kuendelea. Sikulaumu. Waraka huu utakapokufikia, Jumatatu itakuwa imekwisha kupita.

Kile kipande cha karatasi nimekikunja mara mbili na kukiweka ndani ya bahasha hii, kwa sababu sitaki kiwe mezani kwangu na siwezi kukichana. Tazama mwandiko wake. Umenyooka, hauna doa, kila herufi imekaa mahali pake. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika.

Baba yako